Morthodoksi amejiunga na ushirika wetu wa Ijumaa. Tumpokee vipi?

"Bwana asifiwe mwalimu. Naongoza ushirika mdogo wa Ijumaa jioni hapa Umoja. Tuko watu kama kumi na wawili wa makanisa tofauti: PCEA, AIC, Wabaptisti, Wapentekoste na Mwanglikana mmoja. Mwezi uliopita jirani yangu wa ghorofa ya juu aliomba kujiunga nasi. Ni Morthodoksi, amelelewa Waithaka. Siku ya kwanza alipopewa nafasi ya kusalimia alitaja jina lake akaketi, hakusema kama ameokoka. Baadaye akakataa chai, na mama mwenye nyumba akaona amedharauliwa. Akiomba hufanya ishara ya msalaba, tena husoma maombi kwenye kijitabu. Ndugu mmoja ameanzisha mafunzo ya wiki kadhaa kuhusu sanamu, na kila mtu anajua anamlenga nani. Mwingine anataka tumwongoze sala ya toba kisha abatizwe kwa maji mengi, kwa kuwa kwao watoto hunyunyiziwa tu. Mwezi ujao tumepanga Meza ya Bwana. Sitaki kumpoteza dada huyu, na sitaki pia kuisaliti imani yetu. Nifanyeje?"

Bwana asifiwe, ndugu. Nianze na chai, kwa kuwa ndiyo iliyoacha uchungu na ndiyo rahisi kuelezeka. Mlikutana Ijumaa. Waorthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima: Jumatano wakikumbuka Yuda alivyomsaliti Bwana, Ijumaa wakikumbuka msalaba. Desturi hiyo ni ya tangu karne za kwanza za Ukristo, kwa hiyo umri wake ni mkubwa kuliko kanisa lako na langu pia. Kufunga kwao si lazima kuwe kukaa na njaa kutwa. Ni kuacha nyama, mayai, maziwa na vyote vitokanavyo na hivyo. Sasa niambie, chai ya Nairobi ni nini ukiondoa maziwa? Angepewa strungi na ndizi angepokea kwa mikono miwili. Na ikifika Kwaresima yao atakataa maziwa kila siku kwa majuma, si Ijumaa peke yake, kwa hiyo mjipange mapema.

Utauliza mbona hakujieleza. Fungua Mathayo 6, pale Yesu anapowaambia wanaofunga wapake mafuta kichwani na kunawa uso ili watu wasijue. Si ajabu kwamba dada huyu alinyamaza kwa kutii andiko ambalo ninyi wenyewe mnalifundisha. Mweleze mama mwenye nyumba hayo mkiwa wawili, naye moyo utatulia. Warumi 14 imekwisha kuamua kesi ya namna hii, na Paulo hakumpendelea mtu: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula.

Jambo la salamu ni zito zaidi, na hapo nitawasema ninyi kidogo. Katika ushirika wa Kenya mtu husimama akasema, "Naitwa fulani, nimeokoka, nampenda Bwana Yesu kama mwokozi wangu." Tumeizoea sentensi hiyo mpaka tunadhani imetoka kwenye Matendo ya Mitume. Kwetu imeenea hasa kupitia uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia Kenya kabla ya muongo ule kwisha. Uamsho ule ulitupa zawadi kubwa. Uliwafundisha watu kuungama wazi na kupatana kuvuka ukabila, na wakati wa Mau Mau wapo ndugu waliokataa kula kiapo na wakakataa vilevile kubeba silaha za serikali, wengine wakauawa kwa msimamo huo. Siidharau salamu yao hata kidogo. Lakini kwa mtu asiyelelewa ndani yake, ile nafasi ya kusalimia ni mtihani ambao hakuambiwa kwamba anaufanya. Alipoketi na chumba kikanyamaza, alijua ameanguka bila kujua ameanguka somo gani.

Huko alikokulia, wokovu husemwa zaidi kama safari. Mkristo ameokolewa, anaokolewa na ataokolewa, na mtu kusimama mbele ya watu kutangaza kwamba yeye amemaliza huonekana kama majivuno. Kabla hujakasirika, angalia Maandiko: Waefeso 2:8 inasema kuokolewa kama jambo lililokwisha kufanyika, 1 Wakorintho 1:18 kama jambo linaloendelea, Warumi 5:9 kama jambo litakalokuja. Sisi warithi wa Matengenezo ya Kiprotestanti tumeukazia ule wakati Mungu anapomhesabia mwenye dhambi haki kwa imani, na nadhani tuna sababu nzuri. Tofauti ipo kweli, wala sitaki uifiche chini ya mkeka. Ila kutofautiana juu ya namna Mungu anavyookoa hakumfanyi mtu awe hamjui anayeokoa. Ukitaka kujua kama dada huyu anampenda Kristo, muulize Kristo ni nani kwake, kisha tulia umsikilize mpaka amalize.

Kuhusu ubatizo, huyo ndugu wa maji mengi ameambiwa visivyo. Waorthodoksi huzamisha. Kwa kawaida mtoto mchanga huingizwa majini mara tatu kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kisha hupakwa mafuta matakatifu papo hapo, na tangu hapo hupewa Ushirika Mtakatifu hata kabla hajaota meno. Maji aliyopata dada huyu pengine ni mengi kuliko ya nusu ya watu walioketi kwenye viti vyenu. Kama tatizo ni umri aliobatizwa, basi akipelekwa mtoni, watu wa PCEA na yule Mwanglikana wenu wajipange foleni nyuma yake, maana wao pia hubatiza watoto. Mbona hao hawajaambiwa warudie? Kwa sababu wanazijua nyimbo zenu na salamu zenu. Hapo ndipo utaona kwamba kinachopimwa ni mazoea, wala si maji.

Kwake yeye kubatizwa tena kungekuwa kukana kile Mungu alichokwisha kumfanyia. Imani ya Nikea, ambayo kanisa lake huikiri katika kila Liturujia na ambayo Waanglikana nao huikiri, inataja ubatizo mmoja. Na sala ya toba anayo. Nenda ukakiangalie kile kijitabu, sitashangaa ukikuta humo maneno haya: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Waorthodoksi wamekuwa wakiyarudia maneno hayo, wengine mara mamia kwa siku, tangu zamani za watawa wa jangwani. Kusoma maombi yaliyoandikwa hakuhitaji kutetewa sana mbele ya watu wanaoimba Zaburi. Wala maombi yenu ya kutoka moyoni hayakosi utaratibu. Hudhuria majuma matatu kama mgeni, utajua nani atasema "Baba katika jina la Yesu" mara ngapi kabla ya amina.

Niseme pia kidogo juu ya watu alikotoka, kwa sababu nahisi kwenye kundi lenu kuna wanaodhani hilo ni dini ya Wagiriki, au ni Wakatoliki wenye ndevu. Waorthodoksi hawako chini ya Papa. Mgawanyiko wao na Roma kwa desturi huhesabiwa tangu 1054. Si kanisa moja na Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao walitengana nao kufuatia mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kalkedonia wa 451. Na hapa kwetu hawakuletwa na misheni. Baada ya mzozo mkali wa 1929 kati ya misheni na Wagikuyu juu ya tohara ya wasichana, maelfu waliondoka wakaanzisha shule na makanisa yao wenyewe, na miongoni mwao wakawamo watu wa shule huru za Karing'a. Walitafuta askofu wa kuwawekea makasisi. Mwaka 1935 akaja askofu Daniel Alexander kutoka Afrika Kusini, naye akafundisha na kuwaweka wakfu vijana, mmoja wao akiwa Arthur Gathuna. Wao hawakuridhika mpaka wapate kanisa lenye mizizi ya mitume, na mwaka 1946 Upatriarka wa Aleksandria, makao ya kale ya Orthodoksi huko Misri, ukawapokea. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwaka 1952, serikali ya mkoloni ilizifunga shule zao na makanisa yao, na Gathuna akawekwa kizuizini. Ile seminari ya Riruta ina jina la Makarios wa Tatu, Askofu Mkuu na Rais wa Kupro, mtu ambaye Waingereza walimpeleka uhamishoni Shelisheli mwaka 1956 na ambaye baadaye aliwasaidia sana Waorthodoksi wa Kenya. Basi dada wa Waithaka anaposhikilia kijitabu chake, huenda anashikilia kitu ambacho wazee wake walifungiwa kanisa kwa ajili yake. Mtu akimwambia ni mambo ya kigeni, atakuwa amemtusi bila kujua.

Sasa sanamu. Kanisa la Orthodoksi lilibishana lenyewe kwa lenyewe juu ya picha takatifu kwa zaidi ya miaka mia, watu wakafungwa na wengine wakafa, na ubishi haukwisha hadi 843. Mtaguso wa pili wa Nikea wa 787 ndio ulioamua kwamba picha zipewe heshima, na kwamba ibada ni ya Mungu peke yake. Hoja yao kuu inamhusu Kristo mwenyewe: Neno alifanyika mwili, akaonekana kwa macho na kuguswa kwa mikono, kwa hiyo anaweza kuchorwa. Wakimwita Mariamu Mzazi wa Mungu, cheo kilichothibitishwa Efeso mwaka 431, wanachokilinda ni kwamba huyo mtoto alikuwa Mungu kweli. Wanapowataja watakatifu huwaomba wawaombee, kama wewe unavyomwomba mama yako akuombee, isipokuwa hao wamekwisha kulala katika Bwana.

Mimi ni mchungaji wa Kipresbiteri na hoja hizo hazijanishawishi zote. Naona Kristo alivyo mpatanishi anatosha, siombi kwa watakatifu, na nikiulizwa nitasema hivyo. Hata hivyo mtu anayepinga jambo kwa haki hulieleza kwanza mpaka mwenyewe aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoamini." Ndugu yenu hajafika hapo. Anafundisha juu ya mtu aliyeketi mbele yake bila kumuuliza swali hata moja, na kwetu tuna jina la tabia hiyo: kupiga mafumbo. Kazungumze naye wiki hii. Mwambie mafunzo yale yasimame, kisha baadaye, dada mwenyewe akikubali, mnaweza kulizungumza jambo hili yeye akiwa na nafasi sawa ya kusema. Akila na Prisila walipoona Apolo ana pengo katika mafundisho yake walimchukua kwao wakamweleza. Hawakumwandalia somo la hadhara.

Nimefika kwenye Meza ya Bwana, na hapa sina jibu tamu. Dada huyu hatapokea. Kanisa lake halimruhusu kushiriki nje, na ukienda kwao padri hatakupa wewe pia. Si kwamba wanawaona ninyi wachafu. Kwao kushiriki mkate mmoja na kikombe kimoja ni tunda la umoja wa imani uliokwisha kukamilika. Wengi wetu Waprotestanti tunaiona Meza kama njia ya kutufikisha kwenye umoja huo. Ukielewa tofauti hiyo, kukataa kwake hakutakuuma.

Jambo hili lina historia mlangoni pako. Mwezi Juni 1913, misheni kadhaa za Kiprotestanti zilikutana Thogoto, Kikuyu, zikitafuta namna ya kushirikiana. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakakaribishwa. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia aliwashtaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa uzushi, na kelele zikajaa magazeti ya Uingereza. Mwaka 1915 Askofu Mkuu wa Canterbury hakuwahukumu, ila aliwashauri wasirudie ibada kama ile. Muungano wa makanisa uliotarajiwa haukutimia. Lakini misheni hizo hazikutupiana vyombo nje. Ziliendelea kufanya kazi bega kwa bega, na mwaka 1926 zikafungua shule ya Alliance palepale Kikuyu. Napenda kuwakumbusha watu hilo wanapodhani kwamba wasioshiriki meza moja hawana la kufanya pamoja.

Kwa hiyo mwambie mapema, si siku ile trei inapopita mbele yake watu wakimwangalia. Mwambie mnachopanga, na kwamba hamtamshangaa akikaa tu akiomba. Halafu ujiulize swali jingine ambalo hukuniletea: nani ataiongoza Meza hiyo? PCEA na Waanglikana hawaachi sakramenti ifanywe sebuleni bila mhudumu aliyewekwa wakfu. Huenda una watu wengine wawili watatu ambao watashiriki huku dhamiri zikiwasuta, ila wao hawana kijitabu cha kuwafichua. Ningekuwa wewe, mwezi ujao ningeandaa chakula cha pamoja, Zaburi na maombi, na Meza ya Bwana niiachie makanisa yenu ya Jumapili. Iwe Jumamosi, mle nyama wote.

Hilo linatufikisha kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho shida yenyewe. Kundi lenu halijawahi kuamua ni kundi la aina gani. Mlikuwa mnafanana vya kutosha msilazimike kuamua, hadi alipoingia mtu asiyefanana nanyi. Mnaweza kusema wazi kwamba ninyi ni ushirika wa waliookoka wa Kiinjilisti, na anayejiunga akubali misingi hiyo. Ni uamuzi wa haki, mradi mwambieni leo kwa upole, asije akaujua kupitia mafumbo. Au mnaweza kusema ninyi ni majirani Wakristo mnaosoma Biblia na kuombeana, na kila mmoja anabaki mwanachama mwaminifu wa kanisa lake. Mimi ningechagua hilo la pili, kwa mtaa kama wenu ambamo watu huhama kila mwaka na upweke ni mwingi. Lakini lina gharama. Mtapoteza ile raha ya kusema bila kujieleza. Hamtaweza tena kutumia neno "sisi" ovyo. Na huenda yule ndugu wa mafunzo akaondoka; usimfukuze, ila usimzuie kwa kumtoa dada sadaka.

Kinachoharibu kabisa ni njia ya kati, ile ya kumkaribisha kwa mdomo kama dada huku mmempangia kimyakimya kumbadilisha. Watu huinusa njia hiyo haraka kuliko mnavyodhani.

Mpigie simu au panda ngazi kabla ya Ijumaa ijayo. Muombe radhi kwa yale mafunzo, umwambie hatalazimika kutoa ushuhuda kwa maneno yenu, na umwombe siku moja awasomee ombi moja kutoka kile kijitabu na kuwaeleza. Krismasi mtakuwa pamoja, kwa sababu Waorthodoksi wa hapa huiadhimisha Desemba 25. Pasaka ndiyo hupishana, maana wao huipiga hesabu kwa kalenda ya zamani ya Juliasi, iliyo nyuma ya yetu kwa siku 13. Mwaka 2024 yetu ilikuwa Machi 31 na yao Mei 5. Mwaka 2025 zote ziliangukia Aprili 20. Kwa 2026 ni Aprili 5 na Aprili 12. Andika kwenye kalenda, umpe heri ya Pasaka siku yake.

Yapo mambo usiyoyamaliza wewe. Akikwambia anataka kuhama kanisa, au mume ama wakwe wanamshinikiza abatizwe tena, au kuna mvutano kwake juu ya ubatizo wa mtoto, mshauri aonane ana kwa ana na padri wake, na wewe uzungumze na mchungaji wako; maamuzi hayo hayafanyiki kwenye sebule ya ushirika. Mtu akianza kumwambia ana pepo kwa sababu ya picha zake, au kumtaka azichome, zuia palepale na umhusishe mchungaji wa mtu huyo siku hiyohiyo, kwa kuwa maombezi ya namna hiyo yanaweza kumvunja mtu. Na kama unataka kuelewa zaidi kuliko ninavyoweza kuandika, muombe akupeleke Jumapili moja kwao, au kwenye kanisa kuu lao la Valley Road. Usiende mstari wa Komunyo. Mwishoni mara nyingi hugawa mkate uliobarikiwa ambao hata mgeni hupewa. Muulize yeye kwanza. Ibada ni ndefu na sehemu kubwa mtasimama, kwa hiyo vaa viatu unavyoviamini.